Matumba Tisa ya Mama

Tumba la saba lilianguka mama akiwa anakunywa chai. Lilidondokea kwenye kisahani chake, karibu kabisa na kidole gumba, na yeye hakuliona. Mama ana presha ya macho. Vitu vilivyo mbele yake bado anaviona, vya pembeni vimeshamtoka, na mwenyewe husema dunia anaitazama kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Mimi nililiona. Nikanyoosha mkono nilichukue, nilifiche kwenye mfuko wa gauni kama nilivyolificha la tano na la sita, lakini kijiko chake kikaniwahi.

"Hiki nini?"

Nikarudisha mkono mapajani.

Akalishika kwa vidole viwili, akalileta mbele ya jicho la kulia, lile lenye nafuu. Ua kabla halijafunguka huwa gumu, limejaa, unaona kabisa lina jambo ndani yake. Hili lilikuwa limesinyaa, rangi ya njano, halina jambo lolote.

"La ngapi hili?"

"La tano, mama."

"Kitinda, usinifanye mtoto. Leo asubuhi nimelipapasa shina nikahesabu matatu. Hili limeanguka, yamebaki mawili. Tisa ukitoa mawili ni ngapi?"

"Saba."

"Basi sema saba."

Mama alikuwa mkunga miaka thelathini na nne. Mtu aliyezoea kuhesabu vidole vya vichanga gizani, umeme ukiwa umekatika, huwezi kumdanganya hesabu. Ananiita Kitinda kwa sababu mimi ni kitinda mimba. Wanne walionitangulia wameshaoa na kuolewa, wakaniachia nyumba, cherehani na yeye.

Okidi ile nyeupe, mmea wa maua uliotoa matumba hayo, alipewa na wakunga wenzake siku aliyostaafu. Alikuja kuongeza nyingine, zikafika kumi na mbili, zote zimepangwa kwenye rafu za mbao kibarazani kwenye vioo, lakini hakuna aliyoipenda kama ile. Huchanua mara moja kwa mwaka. Na mwaka huu daktari wa macho alikuwa amemwambia, kwa ile sauti ya upole wanayoitoa wakishaishiwa dawa, kwamba kabla mwaka haujaisha hata hilo bomba huenda likaziba. Mama hakulia. Alisema tu, "Basi nilione ua langu mara moja zaidi, halafu mengine Mungu anajua." Wiki iliyofuata shina likatoa matumba tisa. Sijawahi kumwona mama amefurahi vile tangu nizaliwe, na mimi nimezaliwa mikononi mwake mwenyewe, maana alijizalisha.

Mimi ndiye niliyeiharibu.

Sikuiharibu kwa chuki. Niliiharibu kwa mapenzi, na mapenzi ukiyasikia kwenye hadithi za watu ni matamu, ukiyafanyia kazi nyumbani kwenu mara nyingi ni ujinga mtupu.

Kulikuwa na fundi wa maua. Kila Alhamisi alikuja na ndoo yake ya magome ya mti yaliyokatwakatwa, kisu kidogo na chupa ya kunyunyizia maji, akazihudumia okidi za mama moja moja. Mwaka mzima na nusu. Mwanzoni nilikuwa nashona chumbani. Baadaye nikasema chumbani hakuna mwanga, nikahamishia cherehani sebuleni, kisha mlangoni mwa kibaraza, kisha kibarazani penyewe. Yeye aliniita Sindano. Siku moja kifungo cha shati lake kilikatika, nikamwambia asivue, nikakishona akiwa amelivaa, na wakati nakata uzi kwa meno, paji la uso wangu likagusa kidevu chake. Nilimchoma kidogo na yeye akasema asante.

Mama macho mabovu, masikio mazima. "Fundi wa maua," akaniambia siku hiyo hiyo, "anamwuliza mshonaji habari mara tatu ndani ya saa moja. Habari gani hizo zinazobadilika kila baada ya dakika ishirini?" Dada yangu wa kwanza naye akachochea kwenye simu: "Unamwachia Kitinda aolewe na mtu wa ndoo? Halafu wewe utabaki na nani?" Nadhani hilo la pili ndilo lililomwingia. Alhamisi iliyofuata mama akamwambia fundi kwamba maua yake sasa ni mazima, arudi baada ya miezi mitatu, okidi nyeupe ikishamaliza kuchanua.

Siku hiyo fundi alihamisha okidi tatu zilizokwisha kuchanua, akaziweka kwenye vyungu vipya. Alipofika kwenye nyeupe akaonyesha kidole tu. "Hii msiiguse, mama. Chungu kimeibana, lakini ikiwa na matumba haihamishwi. Itayamwaga yote." Mama akacheka. "Mimi nawajua hawa. Mwanamke mwenye uchungu hahamishwi kitanda." Fundi akaacha nusu mfuko wa magome na chungu kimoja cha akiba, akaondoka. Nilisimama mlangoni nikimhesabia hatua hadi getini.

Miezi mitatu! Kesho yake, mama amelala baada ya chakula cha mchana, nikaichukua ile nyeupe.

Nilidhani itanyong'onyea kidogo tu. Tungempigia, angekuja, angeinyunyizia, ingeinuka, na mimi ningepata Alhamisi mbili tatu za ziada. Nilikuwa nimemwangalia mara nyingi mno, nikajiona na mimi fundi. Nikaing'oa, nikakung'uta magome ya zamani, nikapunguza mizizi kwa mkasi wa kukatia vitambaa, nikashindilia magome mapya kama mtu anayejaza mto, nikalifunga shina kwenye kijiti kwa uzi wa bluu. Nilikuwa naimba. Huo ndio ukweli, nilikuwa naimba.

Siku tatu baadaye fundi akampigia mama simu kwa adabu zote, akaomba shangazi yake aje kuzungumza mambo ya heri. Mama alikaa na ile simu sikioni muda mrefu. Mwisho akasema, "Aje Jumamosi ya wiki ijayo. Nataka nimwone sura mtu atakayekuja kuniomba mwanangu, maadamu bado naona sura." Haraka haraka haina baraka, watoto wadogo wanalijua hilo. Mimi nimefika miaka thelathini na moja na sikulijua.

Kesho yake tumba la kwanza likaanguka.

Sasa ilikuwa Alhamisi, keshokutwa ndiyo Jumamosi yenyewe, na mama alikuwa ameweka tumba la saba mezani kando ya kikombe.

"Nipe chungu hapa," akasema.

Nikampa. Akaingiza vidole kwenye magome. Akayasugua, akayanusa, akakipapasa chungu chenyewe mdomo mpaka kitako.

"Magome mapya haya. Na chungu si kile."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Neno moja tu: "Mimi." Lakini mama alikuwa na uso ambao sikuwahi kuuona, uso wa mtu anayeibiwa huku akiangalia. Nikajiambia nisubiri kidogo, apoe, nitapata nafasi nzuri.

"Amehamisha na hii," mama akasema polepole. "Siku ile ile alipohamisha zile tatu. Nilipomwacha nikaenda jikoni. Mpigie fundi. Mwambie aje sasa hivi."

Alifika kabla chai haijapoa. Alikuwa amevaa lile shati, na kifungo changu kilikuwa palepale, uzi wake mweusi kidogo kuliko wa wenzake. Aliingia akitabasamu, maana alidhani ameitiwa mambo ya Jumamosi. Akanitazama kwanza mimi. Ningeweza kuishi mwaka mzima kwa tabasamu lile. Kisha akaona chungu mezani, na tabasamu likamwisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Angalia kazi yako."

Hakukaa. Aliinama juu ya okidi, akainua jani moja, akagusa magome kwa ncha ya kidole. Nikaona mabega yake yanashuka. Kisha akaona uzi wa bluu. Mafundi wa maua hawafungi kwa uzi, wanatumia vibanio vidogo vya plastiki. Na fundo lile, la kupitisha mara mbili na kurudisha ncha chini, halifungwi na mtu mwingine isipokuwa mshonaji. Alilijua. Alikuwa nalo kifuani mwake.

Akainua macho akanitazama tena. Sijui nieleze vipi. Hakuwa na hasira, angekuwa na hasira ningepumua. Aliniuliza kwa macho, nami nikamjibu kwa macho, na mama kati yetu akawa ananyoosha kitambaa cha meza.

"Kijana, umenyamaza," mama akasema.

"Naangalia, mama."

Mkono wake ukateremka mfukoni ukatoa kile kisu kidogo. Akalikata lile fundo, akautia uzi kwenye mfuko wa shati, akatoa kibanio akakibana mahali pake. Alifanya hivyo pembeni, upande wa kushoto wa mama, mahali ambapo mama haoni tena. Nilimwona nami sikufungua mdomo.

"Haya mawili yaliyobaki," mama akauliza, "yatafunguka?"

"Hapana, mama."

"Usinionee huruma. Nimewapa watu habari mbaya kuliko hizi."

"Hayatafunguka. Shingo zake zimeshageuka njano. Leo au kesho yataanguka. Ungelikata shina tu, upumzishe mmea, uuweke mbali na jua, maji kidogo. Wenyewe haujafa. Mwakani utachanua."

"Mwakani," mama akasema. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Mwakani nitafanya nini, nitalinusa? Ua hili halina hata harufu."

Gari lilipita nje. Fundi aliikunja mikono yake kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Sasa nakuuliza," mama akaendelea. "Wewe mwenyewe ulisimama hapo ukaniambia isiguswe. Ulinionyesha kwa kidole. Mimi nikakusifu, nikasema huyu kijana anajua kazi na hafichi neno. Nani aliihamisha?"

Niambieni basi mtu anaanzaje. Nikasema moyoni: sasa. Nikasema: baada ya sentensi hii. Na sentensi iliyofuata ikawa ya kwake.

"Ni mimi, mama."

"Wewe?"

"Siku ile. Niliona mizizi imebanana sana, nikaona nikiiacha itaoza. Nikadhani nitafanya taratibu. Nilikosea."

"Bila kuniambia?"

"Bila kukuambia."

"Mdomo unakataza, mkono unafanya." Sauti ya mama ilikuwa ndogo kabisa. "Nilikuwa naomba kitu kimoja. Sikuomba macho yapone. Sikuomba watoto waje kunitazama, hawaji. Niliomba ua moja. Na ulilijua hilo, nilikwambia mwenyewe hapa hapa."

"Nilijua, mama. Naomba unisamehe."

"Nitakusamehe, mimi ni mtu mzima, kusamehe nitasamehe. Lakini mwanangu simpi mtu anayefanya mambo nyuma ya mgongo wangu. Sasa hivi pande zangu zote mbili ni mgongo." Akausukuma mkono hewani, kulia na kushoto, kumwonyesha. "Mwambie shangazi yako Jumamosi asijisumbue."

"Mama," nikasema. Ilikuwa sauti ya paka.

"Wewe kaa kimya. Hili halikuhusu."

Nikakaa kimya. Nilikuwa hodari sana wa kukaa kimya siku hiyo.

Fundi akachukua ndoo yake, akaaga kwa heshima, mama hakuitikia. Nilisubiri mpaka nikasikia viatu vyake kwenye kokoto, nikasingizia naenda kufunga geti, nikamkimbilia. Nilimkuta ameshalifungua, mguu mmoja nje.

"Kwa nini umesema ni wewe?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Ukweli!"

"Ukweli ulikuwa umekaa kwenye kiti pale, Sindano. Mbona haukusema?"

Machozi yakaanza, na mimi nikilia sura yangu haipendezi, najua, lakini hakuangalia pembeni.

"Nilitaka uje," nikasema. "Nilitaka tu uitwe. Miezi mitatu ilikuwa mingi."

"Ungenipigia simu, useme njoo. Ningekuja nisimame hapa nje dakika tano. Ningekuja kila siku."

"Sikujua."

"Hukuuliza." Akashusha ndoo chini. "Usidhani mimi malaika. Nimekasirika. Mmea ule nimeulea mwaka na nusu, na nilisema msiuguse. Nilivyoona lile fundo, kidogo nitukane."

"Basi turudi ndani wote. Niseme mimi. Atanipigia makelele siku mbili, ya tatu atapoa. Mimi mwanae."

"Ndiyo maana usiseme."

"Sikuelewi."

Akasogea karibu. Alinukia magome ya mti na sabuni. "Sikiliza. Baada ya miezi michache mama yako atakula utakachomwekea mkononi. Utamwambia hii ndiyo dawa ya asubuhi, atameza. Utamwambia hapa hakuna ngazi, atakanyaga. Sasa mwambie kwamba mkono huo huo ndio uliomharibia ua lake, kisha ukayaficha matumba mfukoni. Atakanyaga vipi?"

"Umejuaje nimeyaficha?"

"Mfuko wako umetuna."

Nikaushika mfuko. Yalikuwemo kweli, mawili, makavu.

"Akinichukia mimi, hapotezi kitu," akasema. "Mafundi wapo wengi. Akikosa kukuamini wewe, anapotea ndani ya nyumba yake. Hao ndugu zako wengine hawaji, umesikia alivyosema."

"Na sisi je?"

Alitazama barabarani, kisha ndoo, kisha kidole changu kimoja ambacho kilikuwa kimeshika ukingo wa shati lake bila mimi kukituma.

"Sisi tumemwagika, Sindano."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nirudi mwakani nijifanye sikufanya? Nimeshakiri. Njia ya mwongo fupi, ndiyo maana nataka niimalize upesi niende zangu." Alijaribu kutabasamu kwa utani wake huo mbaya. Akakitoa kidole changu kwenye shati, taratibu, kama anavyotoa mzizi ulioshika chungu. "Nakuomba kitu kimoja. Usiseme. Ukisema, nitakuwa nimejipaka matope bure."

"Unanipenda?"

"Ningekuwa sikupendi ningesema ukweli."

Akaokota ndoo akaenda. Sikumwita. Alipofika kwenye kona alihamisha ndoo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, nikadhani atageuka. Hakugeuka.

Nilisimama pale getini muda ambao sikuuhesabu. Alikuwa ameniomba nisiseme, na kila alilosema lilikuwa kweli tupu, ningelipinga kwa lipi? Lakini Jumamosi ilikuwa bado keshokutwa. Nikajiambia siwezi kumwacha mtu asiye na kosa abebe kosa langu. Maneno mazuri hayo. Ningependa kuwaambia kwamba niliingia ndani kwa ajili ya haki. Niliingia kwa sababu nilimtaka.

Mama alikuwa bado mezani. Alikuwa ameshalikata shina mwenyewe, kwa mkasi wangu, kwa kupapasa, chini kabisa, safi, kama alivyokuwa akikata vitovu. Lilikuwa limelala mbele yake na matumba yake mawili. Tumba moja lilikuwa chini ya kidole chake, analiviringisha, analiviringisha.

Nikapiga magoti.

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe. Nimekusikia ukiingia."

"Hapana. Okidi. Ni mimi niliyeihamisha. Fundi hakuigusa."

Kidole kikasimama.

"Nilitaka aitwe," nikasema, na maneno yakaanza kutoka mbio, yale yale yaliyokataa kutoka fundi alipokuwepo. "Ulimwambia miezi mitatu, nikaona siwezi. Kesho yake umelala nikaihamisha. Nilitumia magome aliyoyaacha, na chungu cha akiba. Mizizi niliikata kwa mkasi huu huu. Sikujua atatuma shangazi. Sikujua itayamwaga yote. Nisamehe, mama. Nipige. Lakini yeye hana kosa."

Mama akanigeuzia uso wote, ili nikae sawasawa ndani ya lile bomba lake. Akanitazama sana.

"Umekutana naye getini," akasema.

"Ndiyo, lakini..."

"Na mmepatana useme hivi."

"Hapana! Yeye amenikataza nisiseme!"

"Amekukataza usinidanganye kwamba hana kosa." Akatikisa kichwa. "Kitinda. Miaka kumi na moja okidi hizi zipo hapa, hujawahi kumwagilia hata moja. Ukiona funza kwenye chungu unakimbilia barabarani. Leo umehamisha nyeupe, peke yako, na matumba tisa juu yake?"

"Nilimwangalia yeye nikajifunza! Angalia shina, nililifunga kwa uzi, uzi wangu wa bluu, shika hapa..."

Nikalichukua lile shina, nikampa mkononi, na wakati nampa nikakumbuka. Vidole vyake vikapita juu ya kibanio cha plastiki. Vikarudi. Vikapita tena.

"Uzi uko wapi?"

"Ameukata yeye. Ulikuwa hapa, mama, naapa. Ameukata mbele yako, ameutia mfukoni."

"Mbele yangu."

"Pembeni. Upande huu."

"Upande nisioona."

Nilisikia mwenyewe lilivyosikika. Kama ningekuwa mimi nimekaa kwenye kile kiti, na mtu ananiambia hivyo, nisingemwamini hata kidogo.

"Sasa sikiliza," mama akasema, na hakupaza sauti. "Kama unayosema ni kweli, basi ulikaa pale ukamwona mtu asiye na kosa anadhalilishwa, mpenzi wako mwenyewe, hukutoa neno. Hukusema nilipopapasa chungu. Hukusema nilipomwita. Amevuka geti ndiyo unasema. Na kama si kweli, basi unanidanganya mimi mama yako, kipofu, kwa ajili ya mwanamume. Nichagulie. Nikuamini lipi?"

"La kwanza," nikanong'ona. "La kwanza, mama, ndilo la kweli."

"Na hilo ndilo zuri?"

Hakukuwa na zuri.

Mama akaweka shina mezani, akapangusa mikono kwenye kitambaa, akasimama. Nikasimama upesi, nikampa mkono wangu wa kushoto kama kila siku, kiwiko nimekikunja tayari, maana kutoka kibarazani kwenda chumbani kwake kuna kizingiti kimoja na ngazi mbili, na saa hizo mwanga wa sebuleni unamchanganya.

"Mkono huu hapa, mama."

Alijua uko wapi. Vidole vyake viliinuka, vikasimama hewani karibu na mkono wangu. Kisha vikapita, vikatafuta ukuta.

"Nitajifunza," akasema. "Bora nianze mapema, kukiwa bado kuna mwanga."

Akaanza kwenda, kiganja kimebandikwa ukutani, anaburuta mguu mmoja mbele kukitafuta kizingiti. Alijikwaa kidogo. Nikaruka.

"Usinishike, Kitinda."

Nikamfuata nyuma, mikono yangu yote miwili nimeinyoosha, bila kumgusa.